Wastani Peke Yake Hautoshi: Hotuba ya Mwenyekiti Katika Sherehe ya Kutimiza Miaka 10 ya Kikundi

  

Katibu ameshatusomea risala na Mweka Hazina ameshaeleza mapato na matumizi, hivyo mimi sitarudia waliyoyasema. Wala sitawasimulia tena tulivyoanza chini ya mwembe na sanduku la kuazima, maana kila mmoja hapa anaijua hadithi hiyo na kila mmoja ana ya kwake. Nimeomba nafasi hii nizungumze jambo moja tu, ambalo tangu mwezi uliopita linasemwa sokoni, bombani na hata kwenye misiba. Je, tufute kikomo cha hisa tano, au tusifute? Kuna dada zetu watatu, wafanyabiashara wenye maduka, wameomba kujiunga, na wanataka kila mmoja anunue hisa 10 kila tukikutana. Halafu kuna na lile la pili, kwamba bei ya hisa ipande kutoka shilingi 1,000 iwe 2,000.

Mambo haya yataamuliwa na Mkutano Mkuu, si na mimi. Lakini kabla hamjapiga kura, naomba tuyaangalie kwa hesabu. Na msiogope neno hesabu. Mimi elimu yangu ni darasa la saba, na hayo nitakayoyasema nimeelekezwa na binti wa Katibu wetu ambaye anafundisha hesabu sekondari. Alikaa nami jioni tatu, mkeka chini na bakuli la maharage katikati, haragwe moja ni hisa moja. Nikaona kumbe ni vitu tunavyovijua siku zote, ila hatukuwa na jina lake.

Nianze na kilichonikera. Mtakumbuka kuna afisa mmoja alitutembelea, ofisi yake sitaitaja. Akafungua daftari, akajumlisha hisa zetu za wiki ile, akagawa kwa idadi yetu, akapata wastani wa hisa tatu. Akasema, "Hongereni akina mama, kikundi kimekomaa, kila mwanachama anaweza hisa tatu, sasa wekeni kiwango cha chini kiwe tatu." Akafunga daftari akaenda zake. Jamani, mkutano uliofuata wenzetu wawili hawakuja. Wale ni watu wa hisa moja, mbili, na hawajawahi kukosa hata siku moja mvua inyeshe vipi. Walisikia kwamba kila mwanachama anaweza tatu, wakajiona wao si wanachama. Ilibidi nikawafuate majumbani.

Sasa, yule afisa hakukosea kujumlisha. Wastani ulikuwa tatu kweli. Kosa ni kudhani kwamba wastani ukiwa tatu basi watu wako kwenye tatu.

Chukueni akina mama wanne. Nasema mfano tu, namba nimezilainisha ili zihesabike kichwani, kwani daftari la mtu ni siri yake. Kikundi cha kwanza wote wanne wamenunua hisa 3. Kikundi cha pili wamenunua 2, 2, 4, 4. Kikundi cha tatu wamenunua 1, 1, 5, 5. Jumlisheni, kila kikundi kina hisa 12, wastani 3. Afisa akija na karatasi yake ataandika kitu kile kile kwa vyote vitatu. Lakini wewe ukikaa ndani ya kikundi cha tatu unajua kabisa humo mna watu wa aina mbili.

Kipimo cha kuonyesha tofauti hiyo kipo. Vitabuni kinaitwa mchepuko sanifu, na Mwingereza mmoja, Karl Pearson, ndiye aliyelitumia jina lake la Kiingereza katika maandishi mwaka 1894. Sisi hapa tukiite mtawanyiko, yatosha. Unaangalia kila mtu yuko mbali kiasi gani na wastani. Kwenye 2, 2, 4, 4 kila mmoja yuko mbali hisa 1, wawili chini na wawili juu. Ukijumlisha hivi hivi, za chini na za juu zinafutana, unabaki na sifuri, kana kwamba hakuna tofauti. Ndiyo maana kila umbali unauzidisha kwa wenyewe kwanza, kile kipeo cha pili tulichofundishwa shuleni tukadhani hakitatufaa maishani. Halafu unajumlisha, unagawa kwa idadi ya watu, mwisho unatafuta kipeuo cha pili ili urudi kwenye hisa. Hapo mtawanyiko unakuwa 1. Kikundi cha 1, 1, 5, 5 kila mmoja yuko mbali hisa 2, na mtawanyiko wake ni 2. Kile ambacho wote wamenunua 3, mtawanyiko ni 0.

Haya, tuendelee. Kinachotuhusu leo ni mtu akiongezeka.

Turudi kwenye mkeka wetu wa 2, 2, 4, 4. Aje mama wa tano anunue 3. Wastani haujasogea, uko pale pale. Mtawanyiko unashuka kutoka 1 hadi karibu 0.9, kwa sababu ameingia mtu ambaye hana umbali wowote na wastani, na sasa tofauti zile zile zinagawanywa kwa watu watano badala ya wanne. Aje wa kununua 4 badala yake. Nilidhani huyu ataupandisha, maana yuko mbali hisa nzima. Wapi! Unashuka kidogo sana, unakuwa kama 0.98. Mwalimu akanieleza kwamba mtu mpya akiwa mbali na wastani sawa na mtawanyiko wenyewe, au chini ya hapo, hauongezi. Anayeuongeza ni yule aliye mbali zaidi kuliko ilivyozoeleka humo ndani. Aje wa 5, unapanda kufika 1.2. Na aje wa 1, unapanda hivyo hivyo kufika 1.2. Hesabu haijui tajiri wala maskini, inajua umbali tu. Ila tajiri anavuta wastani juu na maskini anavuta wastani chini, ndiyo maana taarifa zinazosoma wastani peke yake humpenda wa kwanza na kumnunia wa pili.

Sasa aje wa hisa 10. Wastani unaruka kutoka 3 hadi 4.4, na mtawanyiko unatoka 1 unafika karibu 2.9. Mtu mmoja tu! Na angalieni kichekesho chake: wale wanne wa mwanzo, hata waliokuwa wananunua 4 na kujiona wako vizuri, sasa wote wako chini ya wastani. Hakuna aliyepunguza hata senti. Wamelala juu, wameamka chini.

Mtasema sisi si wanne. Kweli. Basi tuchukue wanachama 20, kumi wananunua 2 na kumi wananunua 4. Wastani 3, mtawanyiko 1, kama mwanzo, kwani kurudia namba zile zile mara nyingi hakubadilishi kitu. Aingie mmoja wa hisa 10. Wastani unasogea kidogo tu, unakuwa 3.3, na mtu akisoma hapo atasema hakuna kilichobadilika. Lakini mtawanyiko umetoka 1 umefika karibu 1.8. Kadiri kikundi kinavyokuwa kikubwa ndivyo mgeni wa mbali anavyoweza kujificha ndani ya wastani, lakini kwenye mtawanyiko bado unamwona. Wakiingia wote watatu na hisa zao 10 kila mmoja, wastani unakuwa 3.9 na mtawanyiko 2.5. Wakiingia hao hao watatu lakini wakafuata kikomo cha hisa 5, wastani unakuwa 3.3 na mtawanyiko 1.15. Yaani tumewapokea, sanduku limeongezeka, na kikundi kimebaki karibu vile vile kilivyokuwa.

Hapo ndipo nilipoelewa busara ya kikomo hiki. Utaratibu wetu huu wa sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu ulianzia nchini Niger mwaka 1991, kwa akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, na ndani yake kuna kanuni ya kununua hisa 1 hadi 5 kila mkutano. Wengi tunadhani ni kanuni ya kuzuia watu wasijisifu. Lakini hesabu yake ni hii: watu wote wakiwa kati ya 1 na 5, mtawanyiko hauwezi kupita 2 hata mfanyeje. Ule mfano wa 1, 1, 5, 5 ndio mwisho wake. Ukiondoa kikomo, hakuna mwisho.

Na kwa nini tujali? Namba si hoja, hoja ni fedha na heshima. Katika ule mfano wa watu 23, bila kikomo hisa zote ni 90 na dada zetu watatu wana 30. Ni theluthi moja ya sanduku kwa watu watatu. Riba tunazolipa tukikopa zinagawanywa kwa hisa mwisho wa mwaka, sivyo? Basi kila shilingi 3 za riba, moja inakwenda kwao. Na anayekopa sana ni nani? Ni yule mama lishe anayetafuta mtaji wa unga na mafuta, si mwenye duka. Sisemi ni wizi, hapana, fedha yake imefanya kazi na ana haki ya faida yake. Nasema tujue tunachokifanya. Wakifuata kikomo, hisa zote zinakuwa 75 na zao ni 15, sehemu moja ya tano. Isitoshe, mkopo wetu ni mara tatu ya akiba. Mwenye akiba ya hisa 10 kila wiki akiamua kukopa haki yake yote siku moja, nyie wengine mtasubiri hadi lini?

Lakini niwe mkweli, kwani wenzetu hawa wana hoja. Mwezi wa kwanza shule zinapofunguliwa, sanduku letu linakauka. Watu kumi wanataka fedha za sare na madaftari, tunagawana vipande. Fedha zaidi zingesaidia. Nalikubali hilo. Ila sanduku linalotegemea watu watatu, wale watatu wakiondoka baada ya kugawana, tunaanza mwaka mpya na pengo la theluthi nzima. Heri lijae polepole kwa mikono mingi. Ndivyo ninavyoona mimi, na mwenye mawazo tofauti aseme siku ya mkutano bila kuniogopa.

Kuhusu bei ya hisa, hapa ndipo wengi tulipochanganyikiwa, na hata mimi nilimrudisha mwalimu mara mbili. Kuna kuongeza kwa kujumlisha na kuna kuongeza kwa kuzidisha, na havifanani. Tukisema kila mtu aongeze shilingi 200 kwenye mfuko wa jamii, wote kwa usawa, mtawanyiko hausogei hata kidogo. Wastani unapanda kwa 200, lakini umbali kati ya mimi na wewe ni ule ule, kama watu wanaopanda ngazi moja kwa pamoja. Tukisema bei ya hisa izidishwe mara mbili, umbali nao unazidishwa mara mbili. Waliokuwa wakiweka 2,000 na 4,000 wanatakiwa waweke 4,000 na 8,000. Tofauti ya 2,000 imekuwa 4,000, na mtawanyiko umetoka shilingi 1,000 umefika 2,000.

Na hiyo ni kama wote wataweza. Hawataweza. Mama wa hisa mbili za elfu moja moja atabaki na uwezo wake wa 2,000, sasa atanunua hisa moja tu. Mwenye nne ataendelea na nne, aweke 8,000. Hapo tuna 2,000, 2,000, 8,000 na 8,000. Wastani umepanda kutoka 3,000 hadi 5,000, afisa atashangilia, lakini mtawanyiko umetoka 1,000 umefika 3,000. Na yule wa hisa moja ya 1,000 atafanyaje? Hisa haina nusu. Huyo hatashuka, atatoka. Na akitoka, mjue jambo jingine la ajabu: namba zetu zitapendeza. Wastani utapanda na mtawanyiko huenda ukashuka, kwa sababu aliyekuwa mbali upande wa chini ameondoka. Kwa hiyo basi mtawanyiko mdogo nao si wa kuushangilia tu. Kwanza uliza umepungua kwa sababu watu wamesogeleana, au kwa sababu tumewatupa wa pembeni?

Hata ile shilingi 200 ya wote kwa usawa, hesabu inasema haibadilishi mtawanyiko, nami nasema ina uzito tofauti kwa kila mfuko. Bibi anayeuza karanga kwa kijiko, 200 ni faida yake ya asubuhi. Hilo hakuna kipeuo cha pili kitakachokuonyesha, lazima umjue mtu.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao naomba Kamati ya Mikopo waniazime masikio. Tumezoea kulinganisha mwanachama na mwanachama. Mlinganisheni na yeye mwenyewe, wiki kwa wiki. Tuna mshonaji nguo ananunua hisa 3 kila mkutano, kama saa. Tuna na muuza samaki. Kusi likivuma, bahari inachafuka, vyombo havitoki, ananunua 1. Bahari ikitulia ananunua 5. Wiki nne zake ni 1, 1, 5, 5, wastani 3, sawasawa na mshonaji. Lakini mtawanyiko wake ni 2 na wa mshonaji ni 0. Je, tumnyime mkopo huyu kwa kuwa hatabiriki? Ongezeni wiki mbili zake za kawaida, za hisa 3, mtawanyiko unashuka hadi 1.6. Ongezeni mwaka mzima mtaona anatabirika vizuri sana, ila anafuata upepo badala ya kalenda. Ombi lake likiletwa kipindi cha kusi, kamati ikaangalia wiki za mwisho tu, itamwona fukara. Likiletwa baharini kukiwa shwari, itamwona tajiri na kumkopesha zaidi ya anachoweza kurudisha. Namshauri Katibu wa Kamati awe anafungua kurasa za mwaka mzima kabla hajasema neno. Na marejesho ya muuza samaki yapangwe kufuata bahari, mwezi mwingine kidogo, mwingine zaidi. Yule mwenye machungwa naye yafuate msimu wake.

Kwa Mweka Hazina nina dogo tu. Wiki yoyote mtawanyiko ukiruka ghafla, kabla ya kumtafuta tajiri mpya, angalia maandishi. Sifuri moja ikizidi, 3 inakuwa 30.

Msimamo wangu basi mmeshausikia. Dada zetu watatu tuwapokee kwa mikono miwili, kwani ni majirani zetu na wanatujua, lakini kwa kikomo cha hisa 5 kama sisi wote. Wakiwa na fedha zaidi na wanataka izunguke, tuko tayari kuwasaidia kuanzisha kikundi cha pili cha watu wa kipato chao, hata sanduku tutawaazima kama nasi tulivyoazimwa, na taratibu za kuandikisha kikundi kwenye halmashauri, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, Katibu wetu anazifahamu. Bei ya hisa ibaki 1,000 kwa mzunguko ujao. Na kiwango cha chini kibaki hisa moja. Kwenye taarifa zetu kwa wahisani, kuanzia sasa nitaomba tuandike wastani, na chini yake mtawanyiko, na chini yake ni wangapi walionunua hisa moja. Atakayetaka kutusoma atusome vizuri.

Mkutano Mkuu utakuwa Jumamosi ya kwanza baada ya kugawana. Kura ni ya siri, na kila mwanachama ana kura moja, awe wa hisa 1 au wa hisa 5. Hesabu zote nilizozitaja Katibu amezibandika ukutani kwa maandishi makubwa, na mwalimu atakuwepo Jumatano jioni na bakuli lake la maharage kwa yeyote atakayependa kuzijaribu mwenyewe. Wale wenzetu wawili niliowafuata majumbani wako hapa leo, wamekaa mstari wa pili, na ndio waliopika huu wali tutakaokula muda si mrefu.